Nililipwa Wewe Ukipoteza

Wasee, hii posti nimeiandika nikaifuta mara tatu. Hii ya nne naiacha.

Wale mnanifuata tangu mwanzo mnakumbuka zile video zangu za 2024, za kuchekesha kuhusu mechi za wikendi. Mwishoni kulikuwa na linki. "Jisajili hapa, cheza, shinda." Nilikuwa nimevaa jezi, natabasamu kama mtu amepata ploti Kitengela. Ukweli ni kwamba wakati huo landlord alikuwa ananidai miezi miwili, na kampuni moja ya kubeti ilikuwa imenitumia meseji: 25,000 kila mwezi, na juu yake komisheni.

Sikuuliza komisheni inatoka wapi. Niliambiwa ni robo ya "mapato kutoka kwa wateja wako." Inasikika vizuri, sindio? Sasa fikiria polepole. Mapato ya kampuni ya kubeti ni pesa iliyobaki baada ya washindi kulipwa. Yaani ni pesa mliyopoteza. Ukibonyeza linki yangu ukaliwa 1,000, mimi nachukua 250. Ukishinda, sipati kitu. Nilikuwa nawaambia "shinda" huku mshahara wangu ukiomba mliwe.

Mwezi wa tisa komisheni ilipanda ikafika 14,200. Nilinunua taa ya kurekodia na viatu. Nilifurahi sana.

Wiki mbili baadaye Anti akanipigia kutoka nyumbani. "Mwanangu, hebu niambie. Ndugu yako amekwambia pesa ya shule imeenda wapi? Huku ananijibu eti system ya chuo iko chini." Cuzo wangu alikuwa ameingia chuo mwaka huo. Anti alikuwa ameuza ng'ombe mmoja, akaongezea na za chama, akamtumia 38,000 kwa simu ndiyo ajilipie karo mwenyewe.

Nilimtafuta. Hakunidanganya hata kidogo. Aliniambia, "Broo, si ni wewe ulisema hiyo app inalipa?" Alikuwa ameingia na linki yangu. Alianza na mikeka, mikeka ikachanika, akahamia ule mchezo wa ndege ajaribu kurudisha zilizopotea. Zikaisha zote usiku mmoja.

Robo ya 38,000 ni 9,500. Kumaanisha zaidi ya nusu ya ile komisheni iliyonifurahisha ilikuwa ng'ombe wa Anti.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma vile kamari ilifika hapa Kenya na nani alifaa kuilinda isitumalize. Nilitaka kupata mtu wa kulaumu mbali na mimi. Nilimpata, lakini nikagundua tunafanana.

Kamari yenyewe si mpya. Farasi wamekuwa wakikimbizwa Nairobi tangu enzi za mkoloni, na uwanja wa Ngong uko pale tangu 1954. Baada ya uhuru, mwaka wa 1966, Bunge lilitunga sheria ya kamari, bahati nasibu na michezo ya pesa, ile inaitwa Sura ya 131. Ndiyo ilileta bodi ya kutoa leseni, BCLB. Guka wangu alikuwa anapenda tiketi za Charity Sweepstake. Lakini Guka ilibidi avae viatu, atembee mpaka kwa kibanda, atoe pesa mfukoni, muuzaji amuone. Kibanda kikifungwa, kamari imeisha mpaka kesho. Sheria ya 1966 iliandikwa ikifikiria dunia hiyo: kuna jengo, kuna mlango, na mtu mzima amesimama mlangoni.

Halafu Machi 2007 M-Pesa ikaja. Mimi siilaumu M-Pesa, ndiyo inatulisha. Lakini iliondoa safari ya kwenda kwa kibanda. Miaka kama saba baadaye SportPesa na wenzake wakaingia kwa simu zetu, na kile kibanda cha Guka kikahamia mfukoni. Hakifungwi usiku, na hakuna mtu wa kukuangalia usoni akuulize, "Kijana, una miaka mingapi? Hii pesa ni ya nani?"

Mnakumbuka ile homa. Mei 2017 jamaa mmoja alishinda jakpoti ya milioni 221, na kila mtaa ukaamini ni zamu yake inayofuata. Mwaka huohuo utafiti wa GeoPoll kwa vijana wa nchi sita za Afrika ulipata kwamba asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa walikuwa wamewahi kubeti. Tuliongoza. Kuna mashindano mtu hafai kuongoza.

Sasa angalia serikali ilifanya nini. Hapa ndipo damu ilinichemka.

Mwaka wa 2017 Hazina ya Taifa ilitaka kampuni za kubeti zitozwe ushuru wa asilimia 50, kutoka asilimia 7.5. Wabunge wakakataa. Rais Uhuru Kenyatta naye akakataa kutia sahihi bila huo ushuru. Wakakutana kwa asilimia 35, kuanzia Januari 2018. SportPesa ikajibu kwa kusimamisha udhamini wa michezo hapa nchini. Gor Mahia na AFC Leopards wakaachwa kwa mataa, huku jina la kampuni likibaki kifuani mwa Everton kule Uingereza. Mwaka huohuo wa 2018 haujaisha, ushuru ukashushwa mpaka asilimia 15.

Julai 2019 kampuni 27 zikanyimwa leseni, na agizo likatoka nambari zao za malipo ya simu zifungwe. Vita vilihusu nini? Ushuru. Mwaka huo ukaletwa ushuru mwingine wa asilimia 20, na huu haukuwa wa kampuni. Huu ni wako wewe: unakatwa kwa pesa unayoweka kabla hata mpira haujapigwa. 2020 ukaondolewa. 2021 ukarudi, asilimia 7.5. 2023 ukapanda 12.5. Desemba 2024 ukafika 15. Julai 2025 ukashuka hadi 5, safari hii ukikatwa wakati unaweka pesa kwa akaunti ya kubeti.

Soma hiyo orodha tena. Karibu kila mwaka mtu alikaa kwa ofisi akauliza serikali ichukue ngapi. Lakini ile sheria yenyewe, ya kusema nani anaruhusiwa kucheza, vipi na analindwa na nani, ilibaki ileile ya 1966 mpaka Agosti 2025. Miaka 59. Sheria ya enzi za Guka ikimlinda cuzo dhidi ya simu.

Kuna watu watasema ushuru ndio ulinzi, kwamba kamari ikiwa ghali watu wataacha. Nimelifikiria hilo kwa nia njema, na kwa sigara pengine inafanya kazi. Lakini mtu ambaye tayari amepoteza hatafuti bei nafuu. Anatafuta zile zilizopotea. Ukimkata 12.5 kwa kila mia, kama cuzo alivyokatwa, haachi. Anaweka mara nyingi zaidi. Na hesabu yenyewe ilikuwa imeshamkataa kabla ya ushuru.

Ngoja niwaonyeshe, hii sikuwahi kuiweka kwa video zangu. Chukua mechi ambayo matokeo mawili yana nafasi sawa, kama kurusha sarafu. Malipo ya haki ni mara 2. Kampuni inakupa 1.85. Inaonekana ni kitu kidogo, sindio? Sasa tengeneza mkeka wa mechi kumi za aina hiyo. Nafasi ya kupata zote ni moja kati ya 1,024. Kwa mia yako, malipo ya haki yangekuwa 102,400. Kwa 1.85 unapewa karibu 47,000. Yaani hata ile siku moja Mungu amekukumbuka, mkeka ukakubali wote, zaidi ya nusu ya ushindi wako ilishaondolewa kabla. Ndiyo maana wanapenda ukiongeza mechi. Na ndiyo maana mimi nilikuwa nawapa "mkeka wa mechi kumi wa Jumamosi" na si mechi moja.

Kwa hivyo nilipomaliza kusoma nikajiona. Mkataba wangu na kampuni na mpango wa serikali ni kitu kimoja. Sote tulikuwa tunalipwa ukicheza. Serikali ilichukua yake kwa kila shilingi ya ng'ombe wa Anti iliyowekwa, mimi nikachukua robo ya iliyopotea, kampuni ikabaki na zingine. Na mtu anayelipwa kutokana na kuliwa kwako hawezi kuwa ndiye anayekulinda usiliwe. Hata akiwa mtu mzuri. Mimi si mtu mbaya, na bado nilinunua viatu.

Sitaki kusema hakuna kimebadilika. Aprili 29 2025 BCLB ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na masharti yaliyofuata yakasema watu mashuhuri na ma-influensa wasitumike kuitangaza. Hiyo ilinigusa mimi moja kwa moja, na nasema ilichelewa. Kisha sheria mpya ya kudhibiti kamari ikatiwa sahihi Agosti, na sasa inaleta mamlaka mpya badala ya bodi ya zamani. Umri ni miaka 18, na kwa intaneti huwezi kuweka chini ya shilingi 20. Ni mwanzo. Lakini mimi nitaipima kwa swali moja tu: mwaka ujao wakikaa pale Bungeni, watauliza wamekusanya ngapi, ama watauliza ni watoto wangapi wa akina Anti wamerudi nyumbani bila karo?

Upande wangu, niliacha ule mkataba mwezi uleule. Nilifuta video zote, ingawa najua kuna watu bado wako nazo. Nilimpelekea Anti zile 9,500 mkononi, nikamwambia zilitoka wapi. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Na wale wengine? Za watoto wa wenyewe utawarudishia nani?"

Sikuwa na jibu. Ile 14,200 ilikuwa na 4,700 zingine ambazo si za cuzo. Ni za watu sijui majina yao, na pengine mmoja wenu anasoma hapa. Na huo ulikuwa mwezi mmoja tu.

Cuzo alikosa muhula huo. Alifanya mjengo mpaka Januari, akarudi chuo. Tunaongea, lakini hatutazami mechi pamoja tena, na sijui nani kati yetu ndiye anayekwepa.

Kama uliingia na linki yangu, pole. Sisemi pole ya mtandaoni. Niandikie inboksi, hata kama ni kunitusi, nitasoma. Na kama wewe pia unatengeneza kontenti na umeletewa hiyo ofa wiki hii, waulize swali nililokosa kuuliza: "Hii komisheni inatoka kwa nani?" Wakikujibu "kwa wateja wako," fungua orodha ya watu wanaokufuata uisome polepole. Utapata jina unalolijua.