Adui Mwenye Kubadilika

Mwaka 2017, wakati wa mvua, mahindi yetu yalikuwa yamefika magotini tulipoona majani yametobokatoboka kama kitambaa kilicholiwa na panya. Tulifungua moyo wa mmea, tukakuta kiwavi mmoja. Mmoja tu, maana akimpata mwenzake humla. Kichwani ana alama kama herufi Y iliyogeuzwa juu chini. Ndiye yule kiwavi wa Amerika aliyeonekana Afrika ya Magharibi mwanzo wa mwaka 2016, na muda mfupi baadaye akawa amekwisha kuingia Kongo. Kipepeo wake huweza kuruka kilometa 100 kwa usiku mmoja, na jike hutaga mayai zaidi ya 1.000. Nani atamfungia mlango?

Tulinunua dawa sokoni, chupa isiyo na maandishi. Mara ya kwanza viwavi walikufa. Msimu wa tatu, mzee mmoja jirani yangu alikuja kwangu jioni, baada ya rozari, akasema: «Mwalimu, dawa ni ileile, lakini sasa hawafi. Wamejifunza? Ao ni laana?»

Ningeweza kumjibu upesi kwamba mwenye kuuza ametutilia maji, na labda ni kweli. Lakini nilikumbuka habari ya chura wa Australia, nikamsimulia.

Mwaka 1935 watu wenye kulima miwa kule Queensland walileta vyura wakubwa kama mia moja kutoka Hawaii, ili wale wadudu wa miwa. Wadudu hawakuguswa. Vyura ndio waliozaana, na kwa kuwa ngozi yao ina sumu, nyoka, kenge na hata mamba waliowameza walikufa. Miaka ya kwanza walisonga mbele karibu kilometa 10 kwa mwaka. Baadaye wakapita kilometa 50! Chura ni yuleyule, mwendo si uleule. Kwa sababu gani?

Wataalamu walisimama karibu na mji wa Darwin, wakawapima vyura kwa kadiri walivyofika. Wale wa kwanza walikuwa na miguu mirefu kuliko wale waliofuata nyuma. Basi fikiri: katika kila kizazi, mwenye miguu mirefu hutangulia. Kule mbele anamkuta nani wa kuzaa naye? Mwingine aliyetangulia kama yeye. Wenye miguu mifupi wako mbali nyuma. Watoto hurithi miguu ya wazazi wote wawili, na miongoni mwao wenye mwendo zaidi hutangulia tena. Hakuna chura aliyekusudia kitu. Lakini faida hiyo ina bei yake: baadhi ya wale wakubwa wenye kutangulia huugua mifupa ya mgongo. Hata nyoka weusi wa kule wamebadilika. Katika nchi iliyokwisha kuingiwa na vyura, nyoka wa leo huwakataa, na sumu haiwadhuru sana kama ilivyowadhuru babu zao. Yote hayo katika miaka isiyofika 100.

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali nililoliogopa: «Lakini si Mungu aliumba kila mnyama kwa namna yake?» Seminarini nami niliuliza hivyo. Nilimwambia kwamba Papa Pio XII, mwaka 1950, hakuwakataza wataalamu kuchunguza jambo hili kuhusu miili, na kwamba Mungu aweza kuumba kitu chenye uwezo wa kubadilika, kama vile baba atoavyo mbegu, si mkate uliokwisha kuiva. Sijui kama aliridhika. Mimi mwenyewe iliniwia miaka kuridhika.

Basi kiwavi. Dawa huwaua walio dhaifu, na wachache wenye nguvu hubaki. Wao ndio wanaozaana, na wakati wa joto mwezi mmoja hutosha kupata kizazi kingine. Tena, kipepeo huyu hakufika kwetu mtupu: wataalamu wamekuta katika viwavi wa Afrika urithi wenye kuvumilia dawa fulani za zamani. Kule Puerto Rico hata mahindi yaliyotengenezwa ili kumwua yalishindwa, mwaka 2006.

Hapo ndipo mzee alipokiri. Alikuwa amezidisha dawa mara mbili, akiikoroga kwa mkono mtupu, na sasa anakohoa usiku. Nilikasirika, halafu nikaona aibu, kwani mwaka uliotangulia mimi pia nilikuwa nimezidisha.

Siku hizi watoto wetu hupita shambani asubuhi kabla ya masomo, wakitafuta mayai juu na chini ya majani na kuyaponda kwa vidole. Mmea wenye kiwavi tunautilia majivu moyoni. Ni kazi ya kuchosha, na mavuno hayajarudi kama zamani. Nusu ya ile chupa imebaki kwa mzee, imefungiwa katika sanduku, na ufunguo anao mke wake.