Kifua Kikuu Kisicho na Kikohozi

Tukisikia neno kifua kikuu, wengi wetu tunafikiria kikohozi, makohozi yenye damu na mtu aliyekonda. Lakini ugonjwa huu una njia nyingine za kujitokeza, na moja iliifikia nyumba yetu.

Mtoto wetu wa tatu alikuwa na miaka 7. Hakuwa na kikohozi. Alilalamika mgongo, hasa usiku. Kitu kikianguka hakuinama kukiokota. Alichuchumaa, mgongo umenyooka kama fimbo, mikono imeshika mapaja. Zahanati alipewa dawa za maumivu. Majirani wengine walisema ameanguka mwembeni, wengine wakanong'ona kuwa amerogwa. Siku moja, tulipokuwa tukimwogesha, tuliona kinundu katikati ya mgongo. Miguu nayo ilikuwa imeanza kulegea. Baba yake akasema, "Mama watoto, kesho alfajiri tunakwenda hospitali ya mkoa."

Daktari alituuliza kwanza kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kutibiwa kifua kikuu. Tukamtaja babu yake, aliyekuwa amemaliza dawa mwaka uliotangulia. Kisha picha ya eksirei ikaonyesha pingili mbili zimeliwa na kubonyea. Kilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Wapendwa wasomaji, jambo hili si geni kwa waganga. Daktari Mwingereza, Percivall Pott, alieleza kibyongo cha namna hii mwaka 1779, na mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kuwa amekigundua kijidudu chenyewe. Kijidudu huingia mapafuni kwa hewa, kisha chaweza kusafiri katika damu hadi kwenye mifupa, tezi za shingo, figo au utando wa ubongo. Mapafu yakiwa salama, kwa kawaida mgonjwa hamwambukizi mtu. Kwa hiyo hakuna haja ya kumtengea mtoto sahani wala kikombe.

Dawa tulipewa bure, akazimeza kila siku kwa miezi 12. Muuguzi alitutahadharisha kuwa mkojo utakuwa na rangi ya machungwa, tusiogope. Mwezi wa tatu maumivu yalipungua, naye akataka kurudi shule. Hapo ndipo wazazi wengi huacha dawa, na ugonjwa hurudi ukiwa mgumu zaidi. Sisi tulitia alama kwenye kalenda kila asubuhi. Leo anatembea na kubeba ndoo yake ya maji, ingawa kinundu kidogo kimebaki.

Akina mama wenzetu, mtoto akiumwa mgongo kwa wiki mbili au zaidi, akikataa kuinama, au akiwa na tezi shingoni zisizopona, msingoje kikohozi. Mpelekeni hospitali, na mwelezeni daktari kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kuugua kifua kikuu.