Bahari Ilipokuwa Mbali na Niania

Zamani Niania yetu, hapa Ituri, Kongo, ilitazama magharibi. Ukisikia mafuta yamefika, ujue yametoka Kisangani. Kisangani yameletwa na boti kutoka Kinshasa, na Kinshasa yamekuja kwa bomba kutoka upande wa Matadi. Bahari yetu ilikuwa Atlantiki, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Boti likikwama mchangani, tulikaa bila esansi. Pipa likifika limepungua, tulijua limepungulia kwa nani. Ilikuwa taabu ya nyumbani, na mtu wa kumtukana alipatikana.

Mwaka 1987 marehemu baba alikuwa na redio, na jioni wazee walikuja kusikiliza Sauti ya Ujerumani. Iran na Iraki walikuwa wakichomeana meli za mafuta huko Ghuba, na Marekani ikakubali kuzipandishia meli za Kuwait bendera yake ili izilinde. Wazee walisikiliza hadi mwisho, wakatikisa vichwa, kisha wakarudi kwenye mambo ya maana: bei ya kahawa, na yule mfanyabiashara wa Isiro aliyekuwa hajalipa. Vita vya meli vilikuwa hadithi ya watu wa maji mengi. Leo ninawaonea wivu wazee wale.

Ilivyotokea tukageuka na kutazama mashariki ni habari ya vita, nami sitaki kuirudia yote. Mwaka 1998 nchi iligawanyika, mto ukafungwa na mstari wa mbele, boti zikaacha kupanda Kisangani. Barabara ilimezwa na msitu, tukabaki na baiskeli zilizosukumwa siku nyingi kwenye tope. Mwaka 2002 Niania yenyewe iligombaniwa na makundi yaliyokuwa yakitangaza kila moja kuwa ndiyo serikali. Amani iliporudi kidogo na barabara ikatengenezwa, malori ya kwanza hayakutoka Kisangani. Yalitoka Beni.

Siku hizo tulifurahi mno. Mafuta yanashushwa Mombasa, yanasukumwa kwa bomba hadi Eldoret na Kisumu, yanapakiwa kwenye malori, yanavuka Uganda, yanaingia Kasindi, kisha Beni, Komanda, Mambasa, Epulu, hadi hapa kwenye njia panda. Makadafi, wauza mafuta wa barabarani, wakajipanga kando ya barabara na chupa zao na bido za njano. Pikipiki zikaja. Mashine za kusagia muhogo zikapata mazutu, na kwenye machimbo ya dhahabu injini za kuvuta maji zikaanza kunguruma usiku na mchana. Hakuna aliyeuliza mafuta yalitoka wapi kabla ya Mombasa. Kwa nini tuulize?

Jibu lilianza kuja Januari 2008. Wakenya walipigana baada ya uchaguzi wa Desemba, barabara za Bonde la Ufa zikafungwa, reli ikang'olewa pale Kibera. Kampala ilikauka, na sisi tulio nyuma ya Kampala tukakauka zaidi. Nakumbuka motari wakilala juu ya pikipiki zao mchana kutwa, na mama wenye mashine wakirudisha muhogo wa watu kwenye vikapu. Ndipo tukajifunza majina ya miji ya Kenya, kama mtu anavyojifunza jina la daktari.

Mwaka huohuo, Novemba, maharamia wa Kisomali waliteka Sirius Star, meli ya Saudia yenye urefu wa mita 330 na mapipa milioni 2 ya mafuta ghafi. Waliikamata zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa, mahali ambapo watu walidhani maharamia hawafiki. Mzigo ule haukuwa wetu, ulikuwa unakwenda Marekani kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Hilo halikumzuia kadafi mmoja wa hapa kupandisha bei wiki ileile. Nilimkasirikia sana. Baadaye niliona alikuwa amewahi tu: bima ya meli ikipanda, anayelipa ni mtu wa mwisho kwenye mstari, na mwisho wa mstari ni sisi.

Tangu hapo sijapata kuzisikia habari za meli kama baba alivyozisikia. Julai 2019 Waingereza walikamata Grace 1, meli iliyobeba mafuta ya Iran, karibu na Gibraltar. Wiki mbili baadaye Iran ikakamata Stena Impero ya bendera ya Uingereza. Mwaka 2023 Wamarekani walichukua mafuta ya Iran yaliyokuwa ndani ya Suez Rajan. Meli ikabadilishwa jina ikaitwa St Nikolas, lakini Iran haikusahau, na Januari 2024 ikaikamata. Wakubwa wanakamatiana mbuzi, na mwenye njaa ni jirani wa tatu.

Mwaka huohuo wa 2023 Kenya iliingia mkataba wa kununua mafuta kwa mkopo kutoka Aramco ya Saudia na kampuni mbili za Falme za Kiarabu, ADNOC na ENOC. Uganda nayo ilianza mwaka uliofuata kuagiza kupitia kampuni yake ya taifa, lakini bandari na bomba ni vilevile. Kwa hiyo njia panda ya Niania sasa imefungwa kamba hadi Mlango wa Hormuz, ambao pale unapobana una upana wa kilomita 33 hivi. Huko manowari husindikiza meli. Huku malori yanapita kwa misafara ikisindikizwa na askari, hasa upande wa Komanda, kwa sababu ya waasi wa ADF, na kwenye kila bariere kuna mkono ulionyooshwa. Bei hupanda kwa habari ya redio tu. Kushuka, inasubiri mpaka akiba ya ghali iishe, na ajabu ni kwamba akiba ya ghali haiishi kamwe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kongo ina mafuta. Yanachimbwa Muanda tangu miaka ya sabini, yanauzwa ghafi nje. Na hapa kwetu Ituri, chini ya Ziwa Albert, mwaka 2007 yalikuwa karibu kutupigisha vita: askari wetu na wa Uganda walirushiana risasi ziwani, Mwingereza aliyefanyia kazi kampuni ya Heritage akauawa, hadi marais wawili wakakutana Ngurdoto, Tanzania, mwezi Septemba. Uganda ikaendelea kuchimba. Bomba lake la kilomita 1,443 linatoka Hoima kwenda Tanga, na mafuta yatapanda meli yakiwa ghafi.

Kijana wangu ni motari. Juzi aliniuliza:

"Papa, si wayasafishe tu hapo Hoima?"

Nikamwambia upo mpango wa kiwanda, umezungumzwa miaka mingi, na Machi 2025 Uganda ilitia saini na mwekezaji.

"Wa wapi?"

"Falme za Kiarabu."

Akacheka mpaka akashuka kwenye pikipiki.