Wino Mwekundu

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata hivyo hatuachi kubishana juu ya kitanda cha nani kina kunguni wengi zaidi, na mimi nimebishana hivyo kwa miaka mingi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi tangu ujana wangu hadi nilipostaafu mwaka 2019. Ungeniuliza zamani kazi gani ni nzito kuliko zote, ningekujibu kabla hujamaliza swali. Leo sijibu haraka hivyo, na ningependa kueleza kwa nini.

Siku ya Pasaka ya mwaka 2004 tulikusanyika nyumbani kwa mama. Dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi, alikuja na mumewe, dereva wa malori yaendayo Tunduma. Baada ya chakula shemeji alinigeukia mbele ya watu wote.

"Shemeji, hebu nisaidie jambo moja," alisema. "Saa nane mchana uko nyumbani. Juni likizo, Desemba likizo. Hiyo nayo mnaiita kazi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimweleza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwamba hakuna kazi duniani yenye mzigo kama ualimu, na kwamba hata Baba wa Taifa, pamoja na vyeo vyote alivyopata, aliitwa Mwalimu mpaka alipofariki mwaka 1999. Shemeji akajibu kuwa jina zuri halisukumi lori. Akatusimulia jinsi anavyoteremka mlima Kitonga usiku, breki zikinuka moto, nyuma yake tani 30, na utingo wake amepitiwa na usingizi. "Mwalimu akisinzia darasani," alisema, "watoto hucheza. Mimi nikisinzia, mnanizika."

Sikuwa na jibu la hilo. Lakini nilikuwa na hesabu zangu.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1975. Mwaka mmoja kabla yake, Azimio la Musoma lilikuwa limeagiza kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi, na walimu wa kuwafundisha watoto wote hao hawakuwepo. Ndipo vijana kama mimi, wenye elimu ya darasa la saba tu, tulipochukuliwa tukawa tunafundisha na kusomea ualimu kwa wakati mmoja. Watu walituita walimu wa UPE, na hawakulitamka jina hilo kwa kutusifu. Kijijini nilikuwa mwalimu asubuhi, msimamizi wa shamba la shule jioni, na usiku nilikuwa msomaji wa barua za watu wasiojua kusoma. Uchaguzi ukija, mwalimu ni karani. Sensa ikija, mwalimu ni karani. Mtu akifariki, mwalimu ndiye mwandishi wa michango ya rambirambi. Kufuata mshahara wilayani kulichukua siku mbili, na siku hizo mbili vipindi vilikuwa vikinisubiri.

Yote hayo niliyazoea. Kilichonishinda kilikuja baadaye. Mwaka 2001 serikali ilifuta ada katika shule za msingi, na Januari 2002 wazazi walileta watoto kama mvua iliyozuiwa muda mrefu. Lilikuwa jambo jema, nami nililishangilia. Nilikabidhiwa darasa la kwanza lenye watoto 112, wengine wamekaa sakafuni, wengine wakichungulia kutoka mlangoni. Kiwango kilichowekwa na wizara ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja.

Ndugu msomaji, chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Watoto 112, kila mmoja ana madaftari matatu ya kusahihishwa kwa siku: kusoma na kuandika, hesabu, na somo jingine moja. Hayo ni madaftari 336. Ukilipa kila daftari dakika moja tu, unahitaji dakika 336, yaani saa tano na dakika 36, na hapo hujaandika andalio la somo la kesho, hujajaza mahudhurio, wala hujala. Kwa hiyo saa nane mchana, wakati shemeji aliponiona nikirudi nyumbani, nilikuwa nimebeba mfuko wa madaftari. Nilisahihisha mpaka mafuta ya taa yakaisha. Na kwa kuwa dakika moja haikuwezekana, nilitumia nusu dakika. Kisha robo.

Hesabu hiyo niliitoa siku ile ya Pasaka, na watu waliacha kucheka. Nilihisi nimeshinda. Dada yangu alikuwa kimya muda wote, akichambua mchele wa usiku. Alisema bila kuinua uso:

"Mdogo wangu, mimi sibishani na hesabu zako. Zamu ya usiku tuko wawili, wagonjwa arobaini. Nikichelewa kwa mmoja, asubuhi nakuta kitanda kitupu, au nakuta ndugu zake wamesimama mlangoni wananisubiri. Nikikosea, najua siku hiyohiyo. Wewe ukikosea, unajua lini?"

Nilidhani anatetea kazi yake. Nikamjibu jambo la kijuujuu, tukaendelea na mazungumzo mengine.

Jibu nililipata mwezi Agosti mwaka huohuo. Wale watoto wa 2002 walikuwa wamefika darasa la tatu, wamebaki 104, nami nilikuwa nimepanda nao. Mchana mmoja mama mmoja alinikuta ofisini, daftari mkononi. Tulisalimiana, nikamkaribisha kiti, hakukaa.

"Mwalimu, huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo, mama."

"Hapa umeandika nini?"

Nilitazama. Ilikuwa kazi safi, herufi zimesimama vizuri, kila mstari una alama ya vema ya wino mwekundu, na chini yake maneno yangu mwenyewe. "Nimeandika 'vizuri sana'," nilimwambia.

Akafungua pindo la khanga akatoa barua. "Baba yake yuko machimboni Mererani. Ametuletea hii. Mimi sikusoma, mwalimu, lakini nilisema mwanangu atanisomea, maana vema amezipata nyingi. Ameishika, ameitazama, mwishowe amelia. Sasa nieleze. Hicho ulichokiita vizuri sana ni kipi?"

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Nilimsomea barua ile. Baba alitoa salamu, alieleza kuhusu fedha alizozituma kwa mkono wa jirani, na mwishoni aliomba kwamba majibu yaandikwe na mtoto mwenyewe, kwa sababu alitaka kuona mwandiko wake. Mama akaikunja barua, akashukuru, akaondoka.

Nilimwita mtoto. Alikuwa mpole, akikaa dawati la nyuma karibu na dirisha, na kwa miaka miwili na nusu hakuwahi kunipa sababu ya kumkumbuka. Nilimwandikia neno "baba" kwenye karatasi. Alilinakili chini yake kwa uzuri kuliko nilivyoliandika mimi. Nilipomwambia alisome, alinyamaza. Alikuwa anachora maneno. Kila siku alichora yaliyo ubaoni au yaliyo kwenye daftari la mwenzake, na kila siku mimi nilipita juu yake na wino mwekundu kwa robo dakika, nikamwambia yeye na mama yake kwamba mambo yote ni mazuri.

Wiki ile niliwaita wote 104, mmoja mmoja, kila mmoja anisomee mistari mitatu. Ilinichukua siku nne. Watoto 19 hawakuweza kusoma hata mstari mmoja. Kumi na tisa! Wote walikuwa na vema katika madaftari yao.

Usiku nililikumbuka swali la dada. Muuguzi hukabidhi zamu. Anayempokea huenda kitanda hadi kitanda, na kosa la usiku huonekana asubuhi. Lori likipinduka, kila apitaye barabarani analiona. Fundi akitengeneza mlango usiofunga, mwenye nyumba humrudia jioni. Lakini mimi nilikuwa nimekosea kwa miaka miwili na nusu, na hakuna aliyejua: si mwalimu mkuu, si mkaguzi, si mtoto mwenyewe, wala mimi. Na laiti baba yule asingeandika barua, ningempandisha mtoto wake darasa la nne kwa amani kabisa. Tena nilikuwa kazini tangu ujana. Ni wangapi waliopita mikononi mwangu kabla yake wakiwa na madaftari mekundu na vichwa vitupu? Hilo sitalijua kamwe.

Hapo ndipo nilipobadili mawazo kuhusu ule ubishi wa Pasaka. Kwa jasho, sidhani kwamba mwalimu anamzidi mkulima anayelima kwa jembe la mkono bila mshahara wala likizo. Kwa hatari, hamfikii dereva wa Kitonga. Kwa hofu ya usiku, hamfikii dada yangu. Nathubutu kusema hivyo ingawa wenzangu wengine watanilaumu. Lakini ualimu una ugumu wake wa peke yake: mzigo ukizidi, mwalimu anaweza kuupunguza kimyakimya, na upande unaopunguzwa ni mtoto. Lori lililozidishiwa mizigo hukatika springi, likasimama. Mwalimu aliyezidishiwa watoto hasimami. Anaendelea kuandika vema.

Sisemi haya ili kumtupia lawama mwalimu peke yake. Watoto 112 si kosa lake. Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, niliona tena mafuriko yaleyale, na walimu vijana wakishika kalamu nyekundu kwa haraka ileile. Anayejenga darasa bila kuajiri mwalimu aelewe kwamba gharama hajaikwepa, bali amemhamishia mtoto wa dawati la nyuma ailipe baadaye. Lakini pia nisijifiche nyuma ya idadi. Hata katikati ya wale 112 nilikuwa na la kuchagua, nami nilichagua madaftari yote yaonekane yamesahihishwa kuliko kujua nani anasoma.

Nilibadili utaratibu. Nilipunguza mazoezi ya kuandika, na kila siku baada ya masomo nikabaki na wale 19 kwa dakika arobaini chini ya mwembe. Niliwapanga wanaosoma vizuri wawasikilize wenzao asubuhi kabla ya paredi. Haikuwa bila gharama. Mkaguzi aliyekuja mwaka uliofuata aliandika kwamba mazoezi katika darasa langu ni machache kuliko inavyotakiwa. Alisema kweli, nami sikubisha. Kati ya wale 19, 14 walikuwa wanasoma walipofika mwisho wa darasa la nne. Wawili walihama. Watatu sikuweza kuwafikisha, na majina yao bado ninayo.

Mtoto yule wa Mererani alikuwa miongoni mwa 14. Aliandika majibu ya barua ya baba yake mwezi Machi 2005, mistari sita, yenye makosa mengi ya herufi. Alinionyesha kabla ya kuipeleka. Nilikuwa na kalamu nyekundu mfukoni. Sikuitoa.

Shemeji naye amestaafu sasa, na bado ananitania kuhusu saa nane mchana. Ninamwachia. Nikikutana na dada huwa simwulizi tena nani kati yetu alichoka zaidi.

Nawe msomaji, kama una mtoto anayesoma, usiridhike na vema zilizomo katika daftari lake, hata kama mwalimu wake ni mtu mwema. Mkalishe jioni, mpe karatasi yoyote iliyo na maandishi, umwambie akusomee. Kama hujui kusoma, fanya kama alivyofanya mama yule: mtazame uso, kisha uende shuleni ukaulize kwa upole. Mwalimu anaweza kukasirika. Mimi nilikasirika pia, kwa muda wa kama dakika moja, yaani muda uleule ambao sikuweza kumpa mtoto wake kwa siku.