Nyama ya Ngamia Ndani ya Sufuria Yetu

Vijana wengi wananiuliza mu barua na mu simu: "Baba mukubwa, ni kweli kule munakula ngamia?" Ni kweli. Na musicheke, kwa sababu nyama ile ilileta maneno mengi ndani ya nyumba yangu, na maneno yenyewe hayajakwisha yote.

Mimi ni mutoto wa mufanyakazi wa mine. Nilikomea ku kamp, Likasi. Tangu mwaka 2009 ninakaa na bibi yangu na watoto mu Alice Springs, muji mudogo katikati ya Australia. Pande zote ni jangwa la udongo mwekundu. Ukiona udongo ule utafikiri uko njiani kwenda Kolwezi wakati wa kiangazi, lakini unaweza kuendesha motokari saa tatu bila kuona hata nyumba moja.

Ngamia si munyama wa inchi ile. Ya kwanza ilishuka melini mwaka 1840, ikitoka visiwa vya Canary, na ilipewa jina Harry. Historia yake ni mbaya. Mwaka 1846 bwana wake, John Horrocks, alikuwa anatia risasi mu bunduki karibu nayo. Ngamia ikatikisika, bunduki ikalia, na bwana akaumia mukononi na usoni. Alikufa nyuma ya majuma matatu hivi, lakini aliagiza kwanza ngamia ipigwe risasi, na ikapigwa. Mimi ninaona ngamia ile ilihukumiwa bila shahidi. Tuendelee.

Mwaka 1866 tajiri mumoja, Thomas Elder, alileta ngamia zaidi ya 100 pamoja na watu wa kuziongoza. Nyuma yake zilikuja maelfu kwa maelfu. Waongozaji waliitwa Waafgani, hata kama wengi walitoka sehemu ambazo leo ni Pakistani na India. Gari la moshi linalopita kwetu mpaka leo linaitwa The Ghan kwa ajili yao.

Hapa ninyi watoto wa mine musikilize vizuri. Wakati zahabu ilipoonekana Coolgardie mwaka 1892, na Kalgoorlie mwaka 1893, hakukuwa na muto wala barabara. Wachimbaji walikuwa wanakufa kwa kiu na kwa homa ya tumbo. Nani alibeba unga, maji, vyuma vya masini, hata barua? Ngamia. Moja yenye nguvu inaweza kubeba kilo 400 na zaidi, na inatembea siku nyingi bila kunywa. Bomba kubwa la maji lilifika Kalgoorlie mwaka 1903 tu. Mbele ya hapo, mine zile zilisimama juu ya mugongo wa ngamia.

Kisha kamyo zikakuja. Kwenye miaka ya 1920 ngamia haikuwa tena na kazi. Mwaka 1925 sehemu ya Australia ya Kusini ilitoa sheria ya kuruhusu kuua ngamia zinazotembea bila mwenyewe. Waafgani wengi walishindwa kuua wanyama waliokula nao jasho. Walifungua kamba, wakaziacha ziende.

Baba yangu alitumika mu mine miaka 31. Siku moja walimuambia kazi imekwisha, akarudi nyumbani na karatasi mukononi, na mushahara wa miezi mingi haukulipwa. Sitaji kampuni. Wewe unayekaa ku kamp unajua mambo haya kunipita. Ninasema tu kwamba niliposoma habari za kamba zile zilizofunguliwa, sikuona ngamia peke yake.

Zilipoachwa, zilizaa. Kule hakuna simba, hakuna munyama anayewinda ngamia. Ngamia inabeba mimba miezi 13 hivi, lakini kwa kuwa hakuna wa kuziua, kundi linaweza kuongezeka mara mbili ndani ya miaka tisa ao kumi. Mwaka 2008 wakubwa wa inchi walihesabia karibu milioni moja. Nyuma walisema hesabu ile ilikuwa kubwa kupita kiasi. Mwaka 2009, wakati wa ukame, ngamia kama 6,000 ziliingia ku kijiji cha Docker River. Zilivunja mabomba na matangi ya maji, zikasimama ku kiwanja cha ndege, na watu waliogopa kutoka inje. Ngamia yenye kiu inaweza kunywa litre 100 ndani ya dakika kumi na tano. Fikiri kundi zima ku kisima kimoja! Zile zinazokufa ndani ya kisima zinaozesha maji ambayo wenyeji wa inchi, Waaborijini, waliyachunga tangu zamani. Zinakula pia miti yao ya matunda.

Kwa hiyo serikali iliamua kupunguza. Kati ya 2009 na 2013 ziliuawa karibu 160,000, nyingi kwa risasi kutoka mu helikopta. Mu Januari 2020, wakati wa joto kali, ziliuawa tena zaidi ya 5,000 ndani ya siku tano. Na nyama? Sehemu kubwa ilibaki pale pale, ikaoza.

Mara ya kwanza niliposikia neno hilo nilishindwa kulala. Mama yangu alikuwa anachemusha mufupa wa ngombe mara tatu mbele ya kuutupa! Nilimuuliza muzee mumoja mwenye shamba la ngombe, ambaye ninafahamiana naye, juu gani wanaacha nyama namna ile. Hakukasirika. Alisema: "Njoo na kisu, utaona mwenyewe."

Tulienda mu Julai, wakati wa baridi ya kule. Asubuhi maji yaliganda ndani ya chupa. Tulikuwa watu watatu: muzee, mutoto wake na mimi. Mimi sikubeba bunduki, sina ruhusa. Kule hakuna mutu anayepiga risasi bila karatasi ya serikali na bila ruhusa ya mwenye udongo. Kazi yangu ilikuwa kisu.

Tulifuata nyayo. Ngamia haina kwato kama ngombe. Muguu wake ni kama muto wa kulalia, na mahali inapokanyaga inaacha duara kubwa laini. Saa nne tuliona kundi, karibu ishirini. Ngamia dume ilikuwa mbele. Wakati wa baridi ndio majira yao ya kutafuta jike, na dume linakuwa kichaa: povu kinywani, na linatoa inje ya kinywa kitu chekundu kama mufuko wa pumuzi, na sauti kama maji yanayochemuka. Harufu yake, wandugu, ni afazali nisiielezee. Muzee alisema hiyo hatupigi, nyama yake ni kama ngozi ya kiatu na inanuka. Alichagua jike changa, ya miaka mitatu hivi, isiyokuwa na mutoto. Alingoja mpaka ilisimama peke yake. Risasi moja, kichwani. Ilianguka bila kulia. Zingine zilikimbia kidogo, zikasimama, zikageuka kutuangalia. Zile macho zenye kope ndefu, sikupenda.

Sasa nikaelewa. Ngamia ile changa ilipita kilo 300. Watu watatu hawawezi kuiinua. Hutundiki juu ya muti, kwa sababu muti hauko. Unapasua ngozi kufuata mugongo, unatoa nundu kwanza (si maji yaliyo ndani, vijana, ni mafuta meupe), kisha nyama ndefu ya mugongo, kisha mapaja, na kuigeuza upande wa pili ni kazi ya kutoa jasho hata kwa baridi. Tulitumika saa mbili na nusu. Tulijaza masanduku yote ya barafu, na bado nusu ilibaki. Muji ulikuwa mbali kilometre 200, njia mbaya. Nyumba za kuchinjia zenye ruhusa ni kidogo na ziko mbali kupita hapo. Wakati wa joto nyama inaharibika mbele ya kufika, na mafuta ya kamyo yanapita bei yake. Nilielewa, lakini sikukubali. Mpaka leo ninasema: wale wanaopata feza za kukodi helikopta wangeweza kupata feza za kamyo ya baridi, hata kwa sehemu ndogo. Muzee alinisikia, akasema pengine.

Tukafika nyumbani. Bibi yangu aliangalia masanduku, akasema: "Papa, hii haiingii mu sufuria yangu." Alifungua Mambo ya Walawi, sura ya 11, ambapo ngamia inatajwa kati ya wanyama wachafu, kwa sababu inatafuna tena chakula lakini kwato zake hazikupasuka. Mimi nikafungua Matendo ya Mitume, sura ya 10, maono ya Petro. Akajibu: "Petro alikuwa na njaa. Wewe umekula asubuhi." Ninakubali, nilikosa la kujibu.

Kulikuwa na neno lingine. Mwenzangu wa kazi, muzee Mwaborijini, mukristo, alikuwa ameniambia yeye hapendi ngamia ziuawe, kwa sababu ziliwabeba mamajusi kwenda kumuona mutoto Yesu. Injili ya Matayo haitaji ngamia pale, ni picha za Noeli tu, lakini sikutaka kumufundisha. Na wazee wenzake wengine, ambao visima vyao viliharibiwa, wanaomba zipunguzwe upesi. Hata wao kwa wao hawakupatana. Bibi yangu aliposikia hivyo alisema basi mimi ni nani wa kukata neno hili.

Nilipika mimi mwenyewe, inje, juu ya makala, mu sufuria niliyonunua siku ile. Nawapa namna, kwa sababu inafaa pia kwa ngombe muzee ao mbuzi muzee. Kata nyama ya paja vipande vya ukubwa wa ngumi ya mutoto. Tia chumvi, kitunguu saumu, tangawizi iliyopondwa, uache usiku muzima. Asubuhi yeyusha kipande cha mafuta ya nundu, kidogo tu kwa sababu ni mazito, ukaange nyama mpaka inakuwa nyeusi kidogo. Tia vitunguu vingi, tomati, pilipili nzima isiyopasuka, maji ya kufunika. Moto mudogo, saa tatu, usiharakishe. Yenu ikiwa ngumu sana, funga kwanza nyama ndani ya majani ya papai, ao tia kipande cha papai bichi. Nyama ya ngamia ni nyekundu, haina mafuta ndani, na utamu wake uko karibu na wa ngombe, na nyuma yake kuna kitu kama sukari kidogo. Tulikula na bukari na sombe ya ndani ya barafu, ile inayouzwa ku duka la Waafrika.

Watoto wanne, watatu walikula na kuomba tena. Wa mwisho, musichana, alikaa upande wa mama yake. Bibi yangu alipika mayai kwa wao wawili, akaketi nasi mezani, akaombea chakula chote, chake na chetu. Sufuria ile mupya inakaa mpaka leo inje, ku veranda, na kila mwaka mu Julai ananiuliza yeye mwenyewe kama nimeisafisha.