Kuchagua njia ya kutembea kando ya ziwa Kivu

Shule zikifungwa mwezi wa sita, vijana wetu wanaanza kuuliza: tutaenda kutembea wapi? Ni ulizo zuri. Jamaa zinazoishi kwenye migodi zinajua vumbi, kelele ya mashine na matope ya mashimo. Mutoto wa Numbi, wa Nyabibwe ao wa Kamituga anaweza kukomaa bila kutembea hata siku moja kwa furaha tu, akitazama mayi na milima. Na tena ziwa Kivu haliko mbali sana na wengi wetu.

Ziwa hili liko juu, karibu metre 1.460 kupita bahari, na milima inalizunguka. Upande wa kaskazini kuna milima ya moto, Nyiragongo na Nyamulagira. Upande wa magharibi kuna Kahuzi, metre 3.308. Katikati ya mayi kuna kisiwa cha Idjwi. Uzuri ni mwingi. Lakini uzuri wa njia hautuambii kama njia ile ni salama. Basi, baba, mama na ninyi vijana, kuna maulizo mane ya kujiuliza mbele ya kufunga mizigo.

La kwanza: amani iko? Vita ilifika Goma mwezi wa kwanza wa 2025, na Bukavu mwezi wa pili. Mutu asipange safari kwa kufuata habari za mwaka jana. Pigeni simu kwa watu wanaoishi pale penyewe: mwalimu, mukubwa wa kijiji, mama anayeuza sokoni. Wakisita kujibu, jibu njo lile: hapana. Musiingie musituni kutafuta njia ya mukato. Chagueni njia ya mashamba na vijiji, ile wamama wanapita kila siku na mizigo mugongoni. Na kitu cha chuma kisichojulikana, kikiwa chini, mutoto asikiguse hata kidogo.

La pili: nani anatembea polepole kupita wote? Njia inachaguliwa kwa miguu ya huyo, hapana kwa miguu ya kijana anayecheza mupira. Mwaka 1892 Muskoti mumoja, William Naismith, alitoa kipimo ambacho wapanda milima wanakitumia mpaka leo: saa moja kwa kilometre 5, kisha ongeza saa moja kwa kila metre 600 za kupanda. Kilometre 10 zenye kupanda metre 600 ni saa tatu kwa mutu mwenye nguvu. Mukiwa na watoto na wazee, ongezeni nusu yake, na wakati wa kupumzika na kula. Kwa kipimo hiki munaona kwa nini Nyiragongo haiko njia ya siku moja kwa jamaa. Toka Kibati mpaka kileleni ni kupanda karibu metre 1.500, kupanda peke yake kunaongeza saa mbili na nusu. Na mulima ule ulilipuka 1977, 2002 na 2021. Tuutazame kwa mbali.

La tatu: hewa iko namna gani? Wachimbaji wataelewa neno hili upesi. Munajua shimo lenye hewa mbaya: mutu anashuka, anaanguka bila kulia. Karibu na Goma, upande wa Lac Vert, Bulengo na kuelekea Sake, hewa ya namna hiyo inatoka katika udongo. Watu wa kule wanaiita mazuku. Ni gazi nzito kupita hewa tunayopumua, kwa hiyo inalala mabondeni na katika mashimo ya mawe. Haina rangi. Mutu mukubwa aliyesimama anaweza kuwa na kichwa juu yake, na mutoto aliye karibu naye kichwa chake kimo ndani. Usiku na asubui sana, wakati hakuna upepo, inajaa zaidi. Mahali pengine tunasema: ondokeni mapema. Pale, ngojeni jua lipande na upepo uanze. Mukiona ndege ao nyama ndogo wamekufa katika bonde, rudini juu mara moja. Na mutu akianguka ndani, musishuke mbio kumufuata, maana wa pili ataanguka pia.

La ine: mbingu inasema nini? Milima hii ya mashariki ya Kongo ni kati ya pahali panapopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Wakati wa mvua, mawingu yanapanda sana nyuma ya saa sita. Basi muwe mumekwisha kushuka kilimani mbele ya saa ile. Na musipumzike kando ya mutoni chini ya mulima mukali. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, mayi na mawe vilishukia Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Miezi ya sita, saba na ya nane ni mizuri zaidi kwa sababu mvua ni kidogo.

Sasa, kama majibu yote mane ni mazuri, twende wapi? Kwa wazee na watoto wadogo, Bukavu inatosha: muji una vidole vya udongo vinavyoingia ziwani, na kwa saa moja ao mbili munatembea kati ya miti na mayi. Kwa jamaa yenye nguvu kidogo, kuna vilima vya upande wa Katana na Lwiro, na ziwa lote liko chini ya macho. Kwa vijana, Idjwi: njia za miguu kati ya mashamba ya kahawa na mananasi, na mwisho, sambaza za kukaanga. Lakini boti ni ulizo lingine. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, pale Goma, na watu wengi walikufa. Boti ikijaa kupita, ao ikiwa bila jile za kuokoa, mubaki pwani. Kahuzi ni ndani ya parc: bila ruhusa ya parc na mulinzi wake, musiende.

Kila mutu abebe mayi yake, viatu vya kufunga, na kitu cha kula. Mutu mumoja nyumbani ajue njia mutakayopita na saa ya kurudi. Hesabuni watu wakati wa kuondoka, hesabuni tena wakati wa kupumzika, na tena mukifika. Safari imekuwa nzuri wakati hesabu ya mwisho ni sawasawa na ile ya kwanza.