Mbeya Hadi Iringa: Nenda Pole, Ule Raha!

Wiki hii nakutoa mjini. Tunashika usukani pale Mbeya, jiji la baridi, tunakwenda zetu Iringa kwa Wahehe. Ni zaidi ya kilomita 300 za lami, na ukiniuliza mimi, hakuna njia inayomfundisha mtu utulivu kama hii. Tatizo ni kwamba vijana wengi wanaigeuza uwanja wa kutafutia sifa!

Kwanza uijue barabara yenyewe. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilibanwa kwa upande wa kusini. Mafuta yake yakaanza kupitia huku kwetu, kwa malori, wakati huo njia ni vumbi na tope. Madereva wakaibatiza njia ya jehanamu. Leo ni lami safi, lakini malori ya Zambia na Kongo bado yamo tele. Kwa hiyo usishangae kuyakuta. Ndiyo wenyeji wako.

Ukishapita Uyole, pale njia ya Tukuyu na Malawi inapochepuka, acha presha nyuma pamoja na bajaji zake. Sasa vinaanza vilima vya Inyala, na hapa ndipo ubabe unapowaponza watu. Hebu tupige hesabu. Mbele yako kuna lori linapanda kwa spidi 40, na zimebaki kilomita 3 kufika mahali panapoonekana vizuri. Ukilifuata taratibu, utatumia dakika nne na nusu. Ukilipita kwenye kona na kwenda spidi 80, utatumia dakika mbili na robo. Yaani umeokoa dakika mbili na robo! Ndizo hizo za kumfanya mama yako aliyekaa kushoto aanze kusali kwa sauti?

Kuna madereva wa malori wanaokuwashia indiketa ya kulia kukuambia subiri, na ya kushoto kukuambia pita. Ni waungwana, washukuru kwa honi ndogo. Lakini macho ni yako. Usipoona mwenyewe, usipite.

Kwenye mteremko, usiweke nyutro eti unaokoa mafuta. Shuka na gia ambayo ungepandia, injini ikusaidie kulishika gari. Breki ukizikanyaga mfululizo zinapata moto, mwisho wa yote unakanyaga hewa. Wenye magari ya otomatiki, zile gia ndogo siyo urembo! Na ukiona matawi mabichi yamepangwa barabarani, ujue mbele kuna gari limekufa. Punguza mwendo mapema.

Ukifika Igurusi na Chimala nchi inafunguka. Kulia kwako milima mirefu inayopanda kwenda Kitulo, kushoto bonde la Usangu na mpunga wake. Simama bwana! Kila baada ya saa mbili nyoosha miguu, kunywa maji, kula wali wa nyumbani kwake. Dereva mwenye njaa ana hasira, na mwenye hasira haoni kona.

Vijijini sheria ni spidi 50. Wengi wanaiheshimu kwa kuogopa tochi ya trafiki tu, wakati watoto wanavuka hata siku ambayo trafiki hayupo.

Baada ya Makambako unaingia Mufindi, misonobari ya Sao Hill inakupokea. Wakati wa kipupwe ukungu hapa ni kama moshi wa kuni mbichi. Washa taa za chini. Za juu zinakurudishia mwanga machoni. Kisha muache wa mbele yako nafasi ya kutosha.

Hapa Mafinga sitaki utani. Machi 11, 2015, eneo la Changarawe, kontena la lori liliangukia basi lililotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Watu zaidi ya 40 walifariki. Walikuwa abiria kama wewe na mimi, wana tiketi mfukoni na watu wanaowasubiri. Tangu hapo mimi nikiwa karibu na lori lenye kontena, sikai ubavuni. Nalipita njia ikiwa nyeupe, au nabaki nyuma kwa mbali.

Ukishapita Ifunda, chepuka Isimila, kama kilomita 20 kabla ya Iringa mjini. Kuna nguzo ndefu zilizochongwa na mvua na upepo, na zana za mawe za watu wa kale. Zimekaa hapo miaka na miaka, hazina haraka na mtu.

Kisha teremka Ipogolo, vuka mto, panda mjini taratibu. Muulize abiria wako kama alisinzia njiani. Akisema ndiyo, mshkaji, wewe ndiye dereva!

Tukutane wiki ijayo. Safari njema.